Bakuli la Majirani

Siku hizi dawa mpya ya kifafa hujaribiwa majumbani, familia mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Mtoto mmoja hupewa dawa, mwenzake maji ya sukari, na wazazi hawaambiwi nani kapewa nini. Jicho la mashine lililo darini huhesabu kila mtoto anapoanguka. Halikufundishwa kuona kingine.

Lakini mama mmoja, Sikudhani, alijua. Binti yake Riziki, aliyekuwa akianguka mara kumi kwa siku tangu akiwa ananyonya, alikuwa na wiki tatu hajaanguka. Nyuma ya ukuta, kichwa cha Tusa, mtoto wa jirani, kiligonga sakafu asubuhi, mchana na jioni.

Siku moja Mama Tusa alikuja kuomba chumvi. Akamwona Riziki ameshika kijiko, anakunywa uji mwenyewe, akasahau chumvi.

"Mama Riziki, wako anajilisha!"

Sikudhani alilelewa kwamba huwezi kula huku jirani anakutazama. Akatoa chupa yake ya dawa.

"Kalete na yako, mwenzangu."

Wakazichanganya bakulini, wakagawana nusu kwa nusu.

Mwezi uliofuata watoto wote wawili walianguka, sawa kwa sawa. Sauti ya upole ikatoka darini: "Jozi zote mia mbili za mtaa huu hazina tofauti. Dawa haifanyi kazi. Imefutwa."

Jozi zote. Sikudhani alitazama nje, zile nyumba zilizopangwa mbili mbili, kila jiko na bakuli lake.

Nyuma yake, kijiko cha Riziki kilianguka sakafuni.