Wageni wa Kisandukuni

Kwa amri ya serikali, kila nyumba Urambo ililisha mbung'o wake, na ilikuwa lazima waitwe wageni. Kalunde alifungua kisanduku, akaingiza mkono, akageuza uso. Miaka saba sasa, na bado hakuweza kuwatazama walipomng'ang'ania, wakifyonza mpaka matumbo yanavimba kama zambarau mbivu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinung'unika. "Sisi tunawapa damu!"

"Vumilia, mke wangu," alisema mumewe, Baba Shija, akimega ugali. "Hawa ni madume matasa. Wakiachiwa porini wanapanda majike bure, hayazai. Ndiyo maana malale, ule ugonjwa wa usingizi, yamekwisha."

Kitu chenye ute kikamgusa kiganjani. Mgeni mmoja alikuwa amejikunja, anasukuma, na nyuma yake likachomoza buu jeupe, nene kama punje ya wali. Kalunde akauchomoa mkono kwa kinyaa. Buu likadondoka, likafurukuta, likajichimbia kwenye sakafu ya udongo.

"Baba Shija! Dume gani hili linazaa?"

Mumewe alikuwa amelala palepale mkekani, tonge mkononi, kama jana, kama juzi.