Maringo ya Tembo

Taa za sinema zilipozimwa, Mwanaidi aliomba mama yake asijitambue ndani ya filamu. Katika filamu ile ndefu ya katuni alipewa kumchora tembo mmoja tu, na mwendo aliompa ulikuwa wa mama: anatembea kidogo, anasimama, anajitanda upya kanga, kidevu juu. Tembo hana kanga, basi alijitanda masikio.

Mama alitazama mpaka mwisho.

“Tembo wako ana maringo,” alisema wakitoka.

“Nisamehe, mama.”

“Nikusamehe nini? Nimempenda.”

Akatangulia. Baada ya hatua chache akasimama, akajitanda kanga.

Nyuma yao, msichana mdogo alimvuta baba yake mkono. “Baba, yule bibi anamwiga tembo.”

Mama alisikia. Akaifungua kanga, akajitanda tena, taratibu, kidevu juu zaidi.