Kidude cha Flurin

Kidude cha kutafutia waliofukiwa kililia mfululizo mkononi mwa Ursina. Cha kaka yake, Flurin, kilikuwa hapo hapo, chini ya theluji iliyomporomokea dakika kumi zilizopita.

"Weka chini koleo, mwanangu, utamuumiza," alisema baba yao.

Ursina akafukua kwa mikono. Likachomoza sikio lenye manyoya, kisha pua. Alikuwa mbwa wa Flurin, mzima, akihema, kidude cha Flurin kimefungwa kifuani pake.

Asubuhi ile, kabla hawajatoka kwenda mlimani, Ursina alikuwa amemkagua kila mtu mlangoni kama amevaa kidude chake. Flurin alipopita, kidude mkononi mwa Ursina kililia vizuri.

"Umeridhika, bi mkubwa?" alimtania, mbwa akijisugua miguuni pake.

"Chimba basi," alisema baba sasa, kando ya shimo alimotoka mbwa.

Ursina akautazama mlima, mweupe mpaka juu.

"Wapi, baba?"