Mjane wa Gwamaka Mtetezi

Chama tawala kilipoamuru kila mwandishi aliyebuniwa na mitambo apewe familia, Tusekile alipangiwa kuwa mjane wa Gwamaka Mtetezi, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alitakiwa kulia jukwaani na kusimulia jinsi marehemu alivyowachukia wageni. Mumewe wa kweli, Lwitiko, ambaye bibi yake alitoka ng'ambo ya mto wa mpakani, alihamia chumba cha uani, na majirani wakaambiwa ni mpangaji.

Binti yao Sekela alikuwa bado mchanga. Alikua akivikariri shuleni vitabu vya Gwamaka, aliyeambiwa ndiye baba yake.

Jioni moja alirudi na sare ya vijana wa Chama. "Mama, nimemripoti yule mpangaji. Baba ameandika tusikae na wageni ua mmoja."

"Sekela, yule ndiye baba yako! Gwamaka hajawahi kuwepo."

Binti alimtazama kwa huruma. "Pole, Mama. Walituambia wajane huchanganyikiwa."

Lwitiko, aliyesikia yote, alitoka amevaa koti. "Usibishe, mke wangu. Wakikuchukua na wewe, atabaki na nani?" Kisha akamgeukia binti yake. "Kwaheri, bibie."

Akaenda kulisubiri gari la Chama barabarani. Sekela akafunga geti, akauliza kama chai iko tayari.