Uzi wa Kijani

Mfadhili, maana ndivyo alivyotaka wadeni wake tumwite, alilamba kidole akahesabu noti zangu za mwisho mezani mara tatu, kana kwamba mwizi humo ndani ni mimi.

"Hongera, dada. Kulea peke yako si mchezo. Ukikwama tena, mlango uko wazi."

Nikatupa macho chumbani. Nilikuwa nimefuata cherehani yangu tu, aliyoishika kama dhamana miezi kumi na minne. Miezi yote hiyo nilifua nguo za watu, na sare ya binti yangu niliishona kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu.

"Iko kwenye kona pale. Hata kuigusa sijaigusa."

Nilifunua kitambaa. Cherehani ilinukia mafuta mapya. Niliileta ikiwa na uzi mweusi, lakini sasa kwenye sindano ulining'inia uzi wa kijani, na chini yake vilizagaa vipande vya kitambaa cha sare, kijani kilekile cha binti yangu.

"Umeikodisha kwa nani?"

"Aa, shemeji yangu ni fundi. Anashona mara mojamoja tu, isije ikashika kutu."

Nilimtazama. Jasho puani, mate bado kidoleni. Na huyu ndiye niliyekuwa nikijificha uani nikisikia kikohozi chake!

Nikarudi mezani, nikazoa noti zangu zote, nikazitia mfukoni.

"We! Hizo hela zangu!"

"Hiyo ni kodi ya cherehani. Haya, inuka unibebee mpaka barabarani, ni nzito."

Akainuka.