Faili la Arobaini

Karani alikalia sanduku ili lisichukuliwe.

Ndiyo, alilikalia, mtu mzima na sketi yake ya kazini, katikati ya ofisi ya usajili ya chuo kikuu. Mchukuzi aliyetumwa kulibeba alibaki amesimama na kitoroli chake, hajui ashike wapi.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimekaa tu. Kamwambie aliyekutuma."

Aliyemtuma alikuwa mkuu wa ofisi, wala hakuwa mbali. Chumba chake na cha karani vilitenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake humtakia afya. Akatokea mlangoni, tai imenyooka, uso umekunjamana.

"Bibie, haya tumeshayaongea. Hao ni watu walioshindwa. Saa kumi majina yao yanafutwa kwenye daftari la chuo, kesho mafaili yanachomwa."

"Hawakushindwa, mkuu. Walikwamishwa."

Sandukuni mlikuwa na mafaili arobaini ya wanafunzi walioondoka bila shahada. Kwa miezi mitatu karani alikuwa akiyafungua kila alipopata upenyo, akianza na ya karibuni na kushuka kwenda ya zamani, na kila alilolifungua lilimpandisha mori. Wote walikuwa watoto wa watu wasio na kitu, wakaazi wa mitaa ya mbali. Wote walikuwa wamefaulu kila kitu isipokuwa takwimu, somo lililofundishwa Jumamosi saa moja asubuhi tu, tangu enzi na enzi. Waliolala bwenini walijikokota dakika tano wakafika. Wenye vibarua na watoto mgongoni walikuta ubao umeshafutwa.

Basi karani alimwendea mwalimu wa takwimu, akamng'ang'ania kama ruba mpaka somo likahamishiwa jioni. Kisha akaanza kupiga simu. Alipiga namba za mashangazi, namba za maduka ya jirani, namba zilizoandikwa kwa penseli zikafifia. Akimpata mwenyewe, maneno yake yalikuwa yale yale: "Hujafeli. Umebakiza somo moja tu. Kiti chako kipo, njoo umalize."

Fundi cherehani mmoja, mwanamke, alisimamisha cherehani yake kwanza. Kisha akasema, "Dada, miaka saba nawaambia wanangu mama yao hana akili." Akalia. Karani naye akalia, wala hakuona haya.

"Umewapata wangapi?" mkuu aliuliza sasa.

"Thelathini na tisa. Wote wamejaza fomu za kurudi. Inabaki saini yako."

"Thelathini na tisa kwa arobaini ni asilimia ngapi?"

"Tisini na saba na nusu." Asilimia zote za ofisi ile zilipigwa na karani, alishazoea.

"Si mia." Mkuu alionekana kupata nafuu. "Sikiliza basi. Niletee wote arobaini kabla ya saa kumi, nitasaini fomu zote. Akikosekana hata mmoja, sanduku zima linaondoka. Watu hawa nawajua mimi, bibie. Mtu akishaona aibu, harudi."

"Na wakirudi wote?"

"Nikisema nimesema." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Mchukuzi aliketi juu ya kitoroli chake; lo, alishasahau kazi iliyomleta. "Sasa utafanyaje, mama?"

"Namtafuta wa arobaini. Sanduku hili haliondoki, ng'o!"

Akainuka, akafungua sanduku. Faili la mwisho, ambalo hakuwa amelifikia bado, lilikuwa limegandamana na kitako chake, limepauka, picha yake imebanwa kwa pini yenye kutu. Lilikuwa la miaka ishirini na sita iliyopita. Pichani alikuwa kijana mwembamba, shati limempwaya, anaitazama kamera kama mtu aliyejiandaa kugombana nayo. Mtoto wa mpasua kokoto, mtaa wa mwisho kabisa. Masomo yote alikuwa amefaulu, mengine kwa alama za kutisha. Kwenye takwimu hapakuwa na alama. Pembeni mwalimu wa wakati huo aliandika: "Hufika amechelewa, jasho linamtoka. Akiulizwa, hasemi."

Karani alisoma jina. Akalisoma tena. Akarudi kuketi juu ya sanduku taratibu, mkono mdomoni. Hasira yote ya miezi mitatu ilimtoka ghafla, na hilo nalo likamkera, maana hasira ile alikuwa bado anaihitaji.

"Namba yake ipo?" mchukuzi aliuliza. "Ya miaka hiyo itakuwa imeshakufa."

"Ya sasa ninayo."

Akavuta simu ya mezani, akainua mkonga. Wengine wote aliwapigia kwa tarakimu kumi; huyu alimbonyezea tatu. Upande wa pili wa ukuta wa mbao simu ikaita mara moja, mara mbili, ikapokelewa.

"Hujafeli, mkuu," karani alisema. "Umebakiza somo moja tu. Kiti chako kipo, njoo umalize."