Jina la Shavuni

Uvumi ulimganda Mama Siwema kama kupe: eti darasa la viziwi ni chumba cha kufugia watoto tu, hawafundishwi kitu. Hata hivyo alimleta bintiye, kamshika mkono barabara.

Mlangoni hakusikia hata mnong'ono. "Ndiyo yale niliyoambiwa," akawaza, akageuka waondoke.

Mara msichana mmoja akapiga mguu sakafuni, puu! Sakafu ikatetema, darasa zima likatazama. Akamnyooshea kidole Siwema, aliyekuwa akitabasamu, kisha akajigusa shavuni, pale penye kishimo cha Siwema. Wote wakamwiga.

"Wanamcheka, mwalimu?"

"Wamempa jina, mama. Hapa kila mtu ana lake la ishara. Mimi ndiye Kitambi," mwalimu akajipapasa tumbo.

Siwema akachomoa mkono wake, akajigusa shavu, akajipiga kifuani: mimi! Mama akapiga kigelegele, kikasikiwa na mwalimu peke yake.

Jioni, kwenye foleni ya maji, aliwaonya wenzake:

"Mwenye mtoto kama wangu asimfiche ndani. Asingoje eti akikua atasema. Asikubali wala asikatae shule kabla hajaingia darasani. Na akishaingia, jamani, asimshike mikono."